Mzee Aliyeosha Barafu

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, mzee yule alikuwa anaosha barafu.

Watu wageni Keko walidhani amechanganyikiwa. Utaoshaje kitu ambacho chenyewe ni maji? Lakini yeye alichota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha bati, akayamwaga taratibu juu ya bonge, akafuatisha kwa brashi ya kufulia, akasugua juu na ubavuni, kisha akainama kukagua kama mzazi anavyokagua shingo ya mtoto kabla ya shule. Ikibaki alama nyeusi, hata ndogo kama punje ya ufuta, aliikwangua kwa ukucha. Akimaliza alilifunika bonge kwa shuka jeupe, akanyoosha mgongo, akatugeukia.

"Haya, mmeamkaje?"

Sisi tulimwita Mzee wa Barafu. Wanawake wa samaki walimwita Mangi, kama wanavyomwita kila mtu wa Kilimanjaro mwenye biashara hapa mjini. Jina lake halisi nililisikia mara moja tu, siku karani wa serikali ya mtaa alipokuja kuandikisha watu, na hata yeye mwenyewe alilitamka kama anasoma jina la mtu mwingine.

Kibanda chake kilibanwa katikati ya mafundi wawili wa samani, mmoja wa makabati na mmoja wa vitanda. Barafu ilikuja kwa guta la magurudumu matatu kutoka kiwandani, mabonge marefu kama mabenchi ya kanisani, naye aliyakata kwa msumeno vipande vya kuuzia wenye samaki, wenye juisi na wenye shughuli za harusi na misiba. Mie nilikuwa jirani yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kujua nielekee wapi, nikaingia barabarani kama utingo wa malori, na mpaka leo sijui kukaa mahali pamoja kwa miezi mitatu. Lakini kila nilipotoka safari, kabla sijafika nyumbani kwetu kumwamkia mama, nilikaa kwanza kwenye benchi la Mzee. Pale palikuwa na ubaridi. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nawaambia watu.

Alichokichukia kuliko vyote ni moshi. Kijana mmoja wa chipsi alipoweka jiko la mkaa hatua chache kutoka kibandani, Mzee alimfuata siku hiyo hiyo, akiwa na shuka lake mkononi.

"Babu, moshi wenyewe huu mdogo," alisema yule wa chipsi. "Barafu inavutaga moshi kwani?"

"Haivuti. Inapakwa."

"Sasa ikipakwa si unaosha? Mbona kila siku unaiosha?"

Watu walicheka, na Mzee naye akacheka kidogo, maana alikuwa amekamatika. Lakini hakuondoka. Alisimama pale, upande upepo ulikokwenda, shuka amelitandaza kwa mikono miwili kama mtu anayeanua nguo, mpaka yule kijana akachoka kutazamwa na wateja wake, akahamisha jiko ng'ambo ya barabara.

Na mzee huyo huyo alivuta sigara. Alivuta akiwa ameipa barafu mgongo, uso ameuelekeza barabarani, na moshi akautoa kwa upande wa mdomo, kama mtu anayekohoa mbele ya wageni. Nikimwuliza alisema, "Huu naujua unakwenda wapi." Aliwafokea mafundi kwa kufagia vumbi kuelekea kwake, halafu jioni anawaomba vumbi lile lile, magunia kwa magunia, kwa sababu mabonge yake ya akiba yalilala chini ya maranda ya mbao. Bila maranda ya Keko asingekuwa na biashara.

Shuka lake alilinunua kwenye duka la sanda. Alisema ndicho kitambaa cheupe cha bei nafuu kisichochuja. Mafundi wakamtania kwamba Mangi anazika barafu, na yeye akawajibu kwamba barafu ndiyo maiti pekee inayomlipa kodi ya nyumba.

Mtu aliyemuweza kwa maneno alikuwa Mwajuma, mwuza samaki wa Buguruni, mama mnene mwenye sauti ya kuita abiria. Yeye alifunika beseni lake kwa nailoni nyeusi. Kila akija, Mzee alimpigia kelele.

"Mwajuma, hao samaki unawauza au unawapika?"

"Nawauza, Mangi, ila ukinichelewesha hapa nitawapika."

"Toa hiyo nailoni. Weusi unakula jua."

"Mie mwenyewe mweusi, mbona sijayeyuka?"

"Huyeyuki kwa sababu una maneno mengi."

Basi Mwajuma anacheka mpaka machozi, na kesho anakuja na nailoni ile ile. Ni yeye pia aliyemwambia jambo ambalo sote tulilijua tukaogopa kulisema: kwamba kule kuosha kwenyewe kulikuwa kunamla. Maji ya bomba si baridi. Kila kikombe alichomwaga kiliondoka na tabaka la bonge. "Unaosha faida yako, Mangi," alimwambia.

"Bora ipungue ikiwa safi," alisema Mzee.

Hakusema kwa utani. Nilimtazama, nikaona kwamba hatutazami kitu kimoja.

Nilikuja kuelewa kwa sababu ya uzembe wangu.

Jumapili Mzee alikwenda ibada ya kwanza na hakufungua mpaka arudi. Jumapili moja ya Januari, jua likiwa kama linamwagwa, Mwajuma alikuwa na kazi ya samaki wa harusi na alihitaji barafu mapema. Mzee aliniomba nikae kibandani. "Akija mkatie nusu ya lile la mwisho. Usilitoe nje kabla hajafika. Ukilitoa, lifunike."

Nililitoa mapema. Nilitaka kuonekana nina bidii. Shuka lilikuwa bado limelowa kwenye kamba, na gunia la maranda lilikuwa chini ya magunia mengine, nikaona uvivu kulivuta. Nikaenda kwa fundi wa vitanda, nikachota viganja viwili vya vumbi la mbao ya mninga, lile jekundu lenye kukaribia weusi, nikalinyunyizia juu ya bonge kama mtu anayetia sukari kwenye maandazi. Kisha nikakaa kivulini kusubiri. Mwajuma alichelewa. Mie nikasinzia.

Alipofika, bonge lilikuwa limepungua vibaya, na kilichobaki kilikuwa kimeoza. Sina neno lingine. Ukikiinua kilimong'onyoka mkononi. Alichukua alichoweza, na nusu ya samaki wale waliharibika kabla hawajafika Buguruni. Alirudi mchana kunitukana, akanikuta niko na Mzee, amevaa bado koti lake la kanisani.

"Mangi! Huyu utingo wako aachiwe magunia tu! Barafu mpe mwenye akili!"

"Si wangu," Mzee alisema. "Ni wa barabara."

Alimpa Mwajuma bonge zima la kesho yake. Mwajuma alipoondoka, Mzee aliniita kwenye mabaki.

"Nani kanyunyizia?"

"Mie, Mzee. Nilikuwa naifunika."

"Hukuifunika. Umeipaka. Inama."

Niliinama. Juu ya barafu kulikuwa na matundu madogo, mengi mno, kama imechomwa na sindano. Ndani ya kila tundu kulikuwa na maji, na chini ya maji, kwenye sakafu ya tundu, chembe moja ya mninga.

"Unaona? Kila chembe inameza jua, inapata moto, inazama. Inajichimbia. Maranda ukiyaweka manene, jua linaishia juu, halifiki chini, barafu inalala. Ukiweka machache, kila moja linakuwa jino. Ni vumbi lile lile. Kilichopungua ni huruma yako tu." Akagusa ukingo uliolowa. "Na si chembe tu. Barafu yenyewe ikianza kulowa haing'ai tena kama ilivyokuwa kavu. Inakuwa kama kioo cha dirishani, jua linaingia halirudi. Inalowa kwa sababu imepakwa, halafu inazidi kufifia kwa sababu imelowa. Ikishaanza, inajimaliza yenyewe."

Nilimwomba radhi. Akasema samaki wa watu si kitu cha kuombea radhi kwake, niende kwa Mwajuma. Nikadhani yameisha. Lakini alivua koti, akakaa, akawasha sigara, na kwa mara ya kwanza hakugeuza uso.

Alisema alipokuwa kijana, yeye na mdogo wake walipanda mlimani kurina asali. Walivuka msitu mpaka juu yake, kwenye vichaka vikavu ambako ubaridi unaanza kuuma. Alifukiza nyuki kwa kienge cha majani makavu. Walipata asali. Walipomaliza alikizima kienge kwa mguu.

"Nilidhani nimekizima," alisema.

Moto uliwaka siku nyingi. Kutoka nyumbani kwao waliuona usiku kama mkufu ulioning'inia shingoni mwa mlima. Wanaume wa kijiji walikwenda kuuzima, yeye pia akaenda, akapiga moto kwa matawi bega kwa bega na watu waliokuwa wanamlaani aliyeuwasha. Hakusema. Mdogo wake hakusema. Mvua ndiyo iliyouzima.

Miezi baadaye alipata kazi ya upagazi, kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Kibo. Ndipo kwa mara ya kwanza akafika kwenye barafu yenyewe, akasimama chini ya ukuta wake. Wenzake walipiga makelele ya furaha. Yeye aliona mistari ya kijivu. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Mwongoza wageni alimwambia ni kawaida, vumbi linapanda kutoka tambarare na kutoka kwenye kilele chenyewe, lilikuwepo kabla ya babu zao.

"Wenzangu waliona barafu," Mzee aliniambia. "Mie niliona majivu yangu."

Wageni walipokuwa wanapiga picha, alivua sweta lake akaanza kusugua. Alisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Alipoitwa alikuwa amesafisha mahali penye ukubwa wa mlango.

"Ukuta wenyewe?" niliuliza.

"Ukuta ulikuwa mkubwa kuliko kanisa nililotoka leo."

Alishuka, akapanda basi la Dar, na hakurudi tena mlimani. Hakurudi hata kuzika. Mdogo wake alipofariki, alituma rambirambi kwa mkono wa jamaa, akakaa kibandani siku tatu akiwa amefunga. Watu wa kwao waliosema mjini kumemharibu hawakujua kwamba alikuwa anaogopa kuinua macho.

Siku hiyo alizima sigara kwenye maji ya barafu, akaniambia, "Wewe unapita Moshi. Utanitazamia ule mlima."

Nilimwambia nitamtazamia.

Sasa niseme langu. Malori yetu yalipita Moshi usiku, au yalipita mchana mlima ukiwa umejifunika mawingu, au nilikuwa juu ya shehena nimelala. Mara chache nilizokuwa na nafasi ya kuuona, sikuinua uso. Niliogopa kwa niaba yake. Nikirudi Keko, Mzee alisubiri niagize chai, ninywe kidogo, halafu aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Umeuona?"

"Nimeuona, Mzee."

"Ukoje?"

"Mweupe. Mweupe kabisa, kama shuka lako."

Alitikisa kichwa, akaenda kukata barafu. Nilifanya hivyo miaka. Nilijiona mwema. Wakati mwingine niliongeza manjonjo, kwamba watalii walikuwa wamesimamisha magari kuupiga picha, kwamba uling'aa mpaka macho yakauma. Niliporudi kutoka Tunduma, njia isiyokaribia kabisa Moshi, nusura nimwambie nimeuona, kwa mazoea.

Kitu kimoja tu nilimsomea kweli. Siku hizi za simu, nilikuwa kwenye benchi lake napekua habari, nikakuta habari ya barafu za kaskazini ya mbali, barafu pana kama nchi, nene kama milima. Wataalamu walikuwa wanaeleza kwamba zinafifia rangi. Vumbi linapeperushwa juu yake, na masizi ya misitu inayoungua na ya mitambo. Theluji ya zamani ikishika joto chembe zake zinavimba, haing'ai kama mpya. Na kwenye unyevu ule kunaota vitu hai vidogo mno, vya rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, vinavyotanda kama ukungu kwenye ukuta wa bafu. Yote hayo yanavuta jua. Barafu inayeyuka, unyevu unazidi, vile vitu vinaota zaidi.

Mzee aliacha msumeno. "Endelea."

Nikaendelea. Uchafu wa zamani, uliokuwa umefukiwa na theluji za miaka, hauishi. Theluji ya juu ikiyeyuka, unaibuka, unakutana na uchafu wa leo.

"Unaibuka," alirudia.

"Ndivyo walivyoandika."

"Hata ule ambao mtu ameshausahau?"

"Ndiyo, Mzee. Ila theluji mpya ikidondoka inafunika. Tatizo isipodondoka."

 Fundi wa makabati alikuwa anapiga randa, na maranda yakawa yanadondoka mlangoni mwa kibanda, na Mzee hakumfokea. Kisha akauliza, taratibu, "Na huko kaskazini nani alirina asali?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nilipomtazama uso nikaacha.

Baada ya hapo alianza kuchoka. Mabonge yalimshinda uzito, na wenye samaki wengi walikuwa wamenunua majokofu yao. Binti yake alimchukua akakae naye Ukonga. Kibanda kikachukuliwa na muuza magodoro. Mwajuma ndiye aliyenipa habari, nilipotoka safari nikakuta godoro lenye nailoni limeegemezwa pale palipokuwa na ndoo. "Mangi wako kaondoka na shuka lake," alisema, na hakuwa na utani wowote. "Kaacha brashi. Nimemtunzia."

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona. Nilijipa sababu, na zote zilikuwa safari.

Halafu lori letu likaharibika Moshi. Tulilala tukisubiri spea, na alfajiri niliamshwa na baridi, nikashuka kutafuta chai. Mawingu hayakuwa yamepanda. Nilikuwa nimeushika mkono wa kikombe nilipoinua uso, na mlima ulikuwa pale wote, bila kitu cha kuuficha.

Ulikuwa mweusi. Mweusi wa jiwe. Juu yake kulikuwa na vipande vyeupe, hapa kimoja, pale kimoja, kama povu la sabuni lililosahaulika kwenye sufuria. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Pembeni yangu alikuwa amekaa mpagazi mmoja, kijana wa kofia ya sufu, nikamwuliza kama kule juu nako kuko hivyo.

"Ndivyo ulivyo siku hizi, braza. Zile kuta bado zipo ila zimekatika. Kingo zina vumbi, kijivu hivi. Theluji ikidondoka unang'aa siku mbili tatu, kisha vilevile."

Niliporudi Dar, sikwenda nyumbani. Nilikwenda kiwandani, nikanunua bonge moja, nikapita Keko kuomba maranda gunia zima na kuchukua brashi kwa Mwajuma, nikakodi guta mpaka Ukonga. Binti yake alinifungulia geti akatazama mzigo wangu.

"Kaka, wenzio wakija kumwona mgonjwa wanaletaga sukari."

"Huyu sukari hataki."

Aliguna kwa kucheka, kisha akasogea karibu. "Usimpe habari nzito. Presha inampanda. Daktari kasema asishtuliwe."

Nikamwambia sawa.

Mzee alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, amekonda, koti la kanisani limemzidi mabega. Macho yalikuwa yamepungua nguvu. Nilimwamkia, na kabla hajaitikia alinyoosha pua.

"Marahaba. Msafiri? Umekuja na bonge?"

"Nimekuja nalo, Mzee."

"La kiwanda au la majokofuni?"

"La kiwanda."

Akanyoosha mkono, nikauweka juu ya barafu. Aliuacha pale. Tukaongea habari za Keko, za nailoni ya Mwajuma, za magodoro. Aliuliza kama muuza magodoro anafagia. Binti alileta chai. Mzee alisubiri ninywe kidogo.

"Umeuona?"

Binti yake alikuwa mlangoni, ananitazama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa limekaa humo miaka. Mweupe kabisa, kama shuka lako. Nililisikia lilivyokuwa rahisi.

"Nimeuona," nikasema. "Mzee, safari hii nimeuona kweli. Umebaki vipande."

Binti alishika kichwa. Mzee hakutikisika.

"Rangi?"

"Kati pamebaki weupe. Kingo ni kijivu."

Alivuta pumzi, akaitoa. Uso wake haukuanguka kama nilivyoogopa. Ulilegea tu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajajua afanye nini na mikono.

"Basi umeuona," alisema. "Miaka yote uliniambia mweupe kabisa. Barafu ile haikuwa nyeupe kabisa hata nilipokuwa na miguu ya kuipanda. Nikajua hujawahi kuitazama. Nikawa nakuuliza, nasema labda safari ijayo."

 Nilisema lililonijia. "Si moto wako, Mzee. Kuna vumbi la kila mahali, kuna joto, theluji yenyewe haidondoki kama zamani. Wameandika."

"Najua. Ulinisomea." Alipapasa bonge. "Lakini wangu umo."

Kisha akamwita binti alete msumeno wake wa zamani, uliokuwa chini ya kitanda, akaniambia nimkatie nilichokiona.

Nilikata. Nilitoa vipande vikubwa, nikaviweka kando, na kila nilipokata alisikiliza msumeno na kuuliza, "Ndiyo umefika?" nami nikajibu, "Hapana, Mzee." Mwisho kilibaki kipande cha ukubwa wa nusu mkate. Nikamwekea mapajani, juu ya taulo. Alikizungusha kwa vidole, akapima kimo chake na upana wake.

"Hiki?"

"Hicho."

"Sasa kipake. Kama kilivyo."

Niliona tabu. Mtu huyu nilikuwa nimemwona akifukuza jiko zima la chipsi. Lakini alikuwa anasubiri, basi nikachota majivu kidogo kwenye jiko la binti yake, nikapitisha kwenye kingo. Aligusa, akasugua kidole gumba na cha shahada, akavinusa.

"Kikombe," akasema.

Akaosha. Aliosha kwa mikono yake, bila haraka, kikombe baada ya kikombe, brashi ya Keko ikipita pale macho yasipoona. Maji ya majivu yalishuka kwenye taulo na kwenye miguu yake, yakawa ya kijivu, kisha yakawa meupe. Kipande kilikuwa kinapungua. Kila kikombe kilikipunguza, naye alijua, alijua kuliko sote. Binti alitaka kumzuia nikamwashiria amwache. Alipomaliza kilikuwa kimebaki kama kipande kimoja cha sabuni, safi mpaka unaona vidole vyake kwa upande wa pili.

Alinirudishia. "Kiweke chini kivulini. Funika."

Nikakiweka. Nikafungua gunia, nikamwaga maranda viganja viwili, vitatu, mpaka weupe ukapotea.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, Mzee."

Akanyoosha mkono, akapapasa, akapima unene wake kwa kidole kama alivyokuwa akipima zamani.

"Bado," alisema. "Ongeza."

Nikaongeza. Sikuwepo alipozikwa, nilikuwa Tunduma, na habari ilinifikia ikiwa imepoa siku nne. Kwa hiyo nikimkumbuka narudi uani pale, nimepiga magoti, gunia limeinama, namwaga kwa mikono miwili, na yeye juu yangu kwenye kiti cha plastiki, kidole chake ndani ya maranda.

"Bado."

Nikamwaga gunia lote.

"Bado," alisema.